Maji ya Ruvu yanaanzia shambani kwa mtu

Kila mara maji yanapokatika Dar es Salaam, lawama hupanda mlima. Utasikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na hata katika hotuba za viongozi kwamba wakulima wa Uluguru wameharibu vyanzo, wachoma mkaa wa Kisarawe wamemaliza misitu, na wafugaji wa bonde la Ruvu wameingiza ng'ombe mtoni. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ndugu msomaji, hebu tujiulize swali ambalo haliulizwi sana: huyu mkulima tunayemtaka asilime kando ya mto, achimbe makingamaji, aache miti isimame na apumzishe shamba lake, sisi tunaokunywa maji yale tunampa nini?

Ninaandika haya nikiwa mkazi wa Sofu, Kibaha, mahali ambapo mtu anaweza kuliona suala hili kwa pande zote mbili. Kibaha yetu imekaa juu ya mgongo wa ardhi. Upande wa magharibi maji hushukia bonde la Ruvu, na upande wa mashariki hushukia mto Mpiji unaokwenda baharini. Ukitazama bomba, sisi ni watu wa chini tunaosubiri maji yaliyotoka milimani. Ukitazama ardhi tunayoikalia, sisi ni watu wa juu, na udongo unaoondoka kwetu ni tope la mwenzetu aliyeko chini. Aliyezoea kumlaumu Mluguru na asogee hapa mtaani kwetu siku ya mvua kubwa ya masika, aone maji yanavyoshuka katika barabara zilizochongwa na katapila kufuata mteremko, moja kwa moja, bila kizuizi hata kimoja. Barabara ya mwaka huu mwakani ni korongo. Watu huziba kwa viroba vya mchanga, mvua inayofuata inabeba viroba pamoja na mchanga wake.

Tuanze na bomba. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Baada ya upanuzi wa miaka ya 2010, mtambo wa juu umejengewa uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa chini lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo hutoka humo. Mitambo yote miwili inachota mto mmoja. Mwezi Oktoba mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana, mto ulipungua na uzalishaji ukashuka hadi kama lita milioni 300 kwa siku. Mgao ukatangazwa. Mwezi uliofuata serikali ilitia saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, litakalohifadhi lita bilioni 190.

Bwawa ni jambo la kheri, na lilizungumzwa kwa miaka mingi mno kabla ya kutiwa saini. Hata hivyo bwawa ni chombo cha kutunzia tu. Mto ukileta maji, litatunza maji, na ukileta udongo, litatunza udongo vilevile, na hakuna mtu aliyewahi kunawa uso kwa udongo maji yakiwepo. Kila msimu shamba la mlimani linapokwanguliwa na mvua, mashapo yake hushuka kwa hatua, leo yamo kwenye kijito, kesho mtoni, na mwisho wake ni chini ya bwawa au kwenye machujio ya mtambo, ambako inabidi itumike shabu zaidi kulituliza tope hilo. Gharama ya shabu iko ndani ya ankara yako, ingawa haikuandikwa hivyo.

Sasa tupande huko mlimani, kwa sababu huko ndiko somo letu liliko.

Matuta ya amri

Mto Ruvu unazaliwa katika safu ya Uluguru. Watawala wa Kiingereza waliliona tatizo la mmomonyoko huko mapema, na mwaka 1950 wakaanzisha mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Sababu mojawapo ilikuwa kuilinda mito inayoshuka tambarare. Kitaalamu nia haikuwa mbaya. Njia iliyotumika ndiyo iliyokuwa balaa. Wananchi walilazimishwa kuchimba ngazi kwenye miteremko, siku kadhaa kila wiki, na asiyechimba alitozwa faini. Uchomaji wa mashamba ulipigwa marufuku. Bwana shamba akawa polisi.

Tena kulikuwa na kasoro ambayo mkulima aliiona siku ya kwanza na mtaalamu akachelewa kuiona. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi kwa kina, unaufukia ule mzuri na kuutoa juu ule wa chini, ambao ni mfu. Mtu anatoka jasho mwezi mzima, kisha mahindi yake yanakuwa mafupi kuliko ya jirani aliyekaidi. Juu ya hapo, ardhi ile ilikuwa ya ukoo. Aliyepewa sehemu alime tu akianza kupanda miti na kujenga ngazi za kudumu, wenye ardhi humtazama kama mtu anayetaka kuimiliki. Kwa hiyo hata aliyetaka kutii alikuwa na sababu ya kuogopa.

Mwaka 1955 mambo yalilipuka huko Matombo. Watu walikusanyika kupinga, polisi wakatumia nguvu, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Chama cha TANU, ambacho kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata wanachama wengi kwa ajili ya matuta yale, na kwa miaka mingi baadaye afisa aliyetamka neno "ngazi" mbele ya wazee wa Matombo alijua mwenyewe atajibiwa nini.

Lakini nenda upande wa pili wa milima hiyo hiyo, Mgeta. Huko ngazi zipo hadi leo na watu wanazitunza kwa mikono yao. Kwa nini? Kwa sababu Mgeta inalima mboga. Kabichi, karoti na viazi vya Mgeta vinauzwa Morogoro na Dar es Salaam, na mboga inalipa kiasi cha kumfanya mtu aone kuwa ngazi ile ni mali. Safu ni ile ile na mteremko ni mkali vilevile, lakini upande mmoja ngazi ilileta njaa na upande mwingine ikaleta fedha. Mimi sijaona ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kuhifadhi udongo ni suala la hesabu ya mkulima kabla halijawa suala la elimu yake.

Ukambani, nchini Kenya, kulitokea jambo linalofanana na hilo. Wakoloni waliitaja Machakos ya miaka ya 1930 kama nchi iliyokwisha, wakataka kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi kudai mifugo yao. Baadaye yakaja matuta ya kulazimishwa, nayo yakachukiwa. Uhuru ulipofika wengi waliyaacha. Kisha, bila bakora ya mtu, wakulima wale wale wakarudi kuchimba, wakati soko la kahawa, matunda na mboga lilipokuwa limefunguka na vikundi vya kusaidiana vya mwethya, ambavyo wengi wake ni akina mama, vinafanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja. Wakachagua wenyewe aina ya makingamaji inayowafaa, ile ambayo unachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Jina lake, fanya juu, sasa limo katika vitabu vya kilimo vya Kizungu bila kutafsiriwa. Kati ya mwaka 1932 na 1990 watu wa eneo hilo waliongezeka takribani mara sita, na bado mashamba yake yalikuwa yamehifadhiwa vizuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo ile hoja kwamba watu wakiwa wengi basi ardhi lazima ife, tuipokee kwa tahadhari.

Kondoa inaniwia ngumu kidogo, na si haki kuificha kwa sababu haikubaliani sana na hoja yangu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Makorongo ya Kondoa yalikuwa ya kutisha, mengine yanameza nyumba. Yakachimbwa makingamaji kwa mitambo, ikapandwa miti, na bado ardhi haikupona. Mwaka 1979 ikatolewa amri nzito kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilometa za mraba zaidi ya 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatolewa. Majani yakarudi. Miteremko iliyokuwa myekundu ikawa ya kijani, na hilo hakuna anayeweza kulikana. Basi amri inaweza kufanya kazi.

Ila uliza nani alilipa. Alilipa yule aliyepoteza maziwa, mbolea na akiba yake ya kuozea mtoto, huku faida ikiwa ya taifa zima. Wengi walihamishia mifugo kwa jamaa zao nje ya mpaka wa mradi, ambako mzigo wa malisho ukaongezeka. Ni baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ndipo ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini waliporuhusiwa, watu wakaanza kupanda majani ya mifugo juu ya makingamaji, na mkulima akapata sababu ya kulitunza tuta lile hata mwenye mradi asipokuwepo.

Haki ya wa juu na haki ya wa chini

Sisi Waislamu tuna kesi mashuhuri katika jambo hili, nayo imepokewa na Bukhari na Muslim. Zubayr bin Awwam (r.a.) na mtu mmoja katika Answar waligombania maji ya mfereji wa Harra, Madina, yaliyokuwa yakimwagilia mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr amwagilie kisha ayaachie yaende kwa jirani. Yule bwana hakuridhika, akadai Zubayr amependelewa kwa udugu. Hapo hukumu ikatolewa kamili, kwamba Zubayr anywesheze mitende yake na ayazuie maji mpaka yafike kwenye ukingo, ndipo ayaachie.

Kesi hii husomwa sana katika darsa kwa upande wa kuridhia hukumu ya Mtume (s.a.w.), na ndiyo shabaha yake kubwa. Lakini mwanafunzi wa fiqhi anaona na jambo la pili. Aliyeko juu hakuambiwa kwamba hana haki. Haki yake ilianza, kisha ikawekewa kikomo, na baada ya kikomo hicho maji ni ya aliyeko chini. Hukumu haikumfanya wa juu kuwa mhalifu kwa sababu tu mto umepita kwake kwanza. Sisi wa mjini tumegeuza. Tunadai haki ya wa chini yote, na ya wa juu tunaiita uharibifu wa mazingira.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mtu wa Uluguru ambaye shamba lake lote ni kipande kilichobanwa kati ya jabali na kijito, mita 60 ndiyo shamba lenyewe. Ukimwambia aondoke bila mbadala, umemwambia asile. Naye atarudi usiku.

Kulikuwa na jaribio moja la kurekebisha mizani hii, nalo halijulikani vya kutosha mjini. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa utaratibu wa kuwalipa wakulima wa vijiji vya Kibungo Juu, katika bonde la mto Mfizigo unaoingia Ruvu, kwa kazi ya kuhifadhi udongo: ngazi, makingamaji ya fanya juu, miti ya matunda na ya mbao mashambani, majani ya kuzuia mmomonyoko. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Kwa mara ya kwanza mtumiaji wa maji alikubali kwamba jasho la mkulima ni sehemu ya bei ya maji. Malipo yalikuwa madogo, wanunuzi walikuwa wawili tu, na vijiji vilikuwa vichache mno ukilinganisha na ukubwa wa bonde. Utaratibu ule haukukua kuwa wa taifa. Nadhani lile lilikuwa wazo bora kuliko mengi yaliyopigiwa ngoma, na Mamlaka ya maji ya sasa, DAWASA, ina wateja wa kutosha kulifufua bila kumsubiri mfadhili. Shilingi chache katika kila ankara, zikionekana waziwazi zinakwenda kijiji gani kwa kazi gani, zingefanya kilichoshindwa kufanywa na faini za 1950. Mheshimiwa mbunge anayesimama bungeni kuulizia mgao wa maji, na aulize na hili.

Tunachoweza kuanza nacho Sofu

Wakati tukiyadai hayo, tusikae mikono mitupu. Nimesema kwamba sisi pia ni watu wa juu. Mto Msimbazi, unaofurika Jangwani kila mvua kubwa inapokuja na ambao mafuriko ya jijini Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 hayasahauliki, unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe. Mkaa uliotoka kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ulipikia chai ya watu wa Magomeni, kisha tope la vilima vile likawafuata nyumbani.

Chukua hesabu hii ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba, mvua moja ya milimita 50, inatema lita 5,000. Nyumba 40 za mtaa mmoja ni lita 200,000, zote zinamwagwa kwenye mchanga ndani ya saa moja au mbili. Halafu tunashangaa korongo limetoka wapi! Limetoka kwenye mabati yetu. Kwa hiyo gata na simtanki ni zana za kuhifadhi udongo kama jembe lilivyo. Mwaka wenye mvua ya milimita 800, paa hilo hilo, ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, linakupa lita 64,000. Msikiti wenye paa la mita 300 unapata lita 192,000, na maji ya udhu yakielekezwa kwenye migomba badala ya barabarani, hapo umefaidi mara mbili. Maji ya dakika chache za mwanzo yaachwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi likijaa, bomba la ziada lisielekezwe kwa jirani. Lichimbiwe shimo na kujazwa mawe ili maji yazame ardhini taratibu.

Kwa mwenye kiwanja au shamba la mteremko, kifaa cha kupimia hakiuzwi dukani. Unafunga fito mbili za urefu sawa, kama mita mbili, zikutane juu mfano wa herufi A, unaweka mti wa kukatisha katikati, kisha unaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Unasimamisha miguu yake mahali pawili, unatia alama kamba inapogusa ule mti, unageuza miguu na kutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo unatembea nacho ukipigilia vigingi, na mstari unaoupata ni ule ambao maji hayatajua pa kukimbilia. Jioni moja inatosha kuupima uwanja mzima, na vijana wa madrasa huufurahia mchezo huu kuliko ninavyoweza kueleza.

Juu ya mstari huo, kwa udongo wetu wa kichanga sishauri mitaro mirefu ya fanya juu kama ya Ukambani, kwani kingo hubomoka. Afadhali majani. Vetiva ni bora kwa sababu mizizi yake inashuka wima na haitambai kwenye shamba. Anayeikosa apande mchaichai, ambao angalau utampa na kiungo cha chai. Mihogo ipandwe kwa safu za kukata mteremko, na kunde zitambae katikati, kwa kuwa muhogo peke yake huiacha ardhi wazi miezi mingi. Na majani chini ya mikorosho, tafadhali, yasichomwe yote kila mwaka. Kinachotakiwa ni njia safi ya kuzuia moto na kuokotea korosho, na sehemu iliyobaki ya shamba iachwe ifunikwe.

Barabara ni jambo la serikali ya mtaa, na halimalizwi na mtu mmoja. Katika mkutano wa mtaa iombwe kwamba katapila lisipite tena bila kuacha vizuizi vya kukata maji kila baada ya hatua kadhaa, na kwamba kila kizuizi kielekeze maji penye majani, si kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Kazi yote hii, ya mtaani na ya shambani, ifanyike Agosti na Septemba ili ardhi itulie na vipando viwe tayari kutiwa ardhini vuli inapoanza. Tuta bichi likikutana na mvua kubwa ya kwanza huondoka nayo, na majani yaliyopandwa jana hayana mizizi ya kulishika.